Koili za Taa za Dagaa: Kutoka Unguja Mjini Hadi Tumbe

Mwezi 12, Unguja Mjini

Safari hii nimeihesabu kwa mwezi wa angani, kwa sababu wenye kazi yao ndivyo wanavyohesabu. Mvuvi wa dagaa hana kazi penye mbalamwezi. Taa yake ina maana pale tu bahari inapokuwa giza, dagaa wakaiona na kuikimbilia. Mwezi ukifika 12 mashua hupumzika na nyavu hushonwa. Ukifika 20 watu wanarudi baharini. Nahodha wa Tumbe, kaskazini mwa Pemba, aliyenipigia simu aliniambia: "Fundi, nina taa kumi na mbili na tisa zimekufa. Njoo sasa mwezi umeshika, giza lisije likanikuta hivi."

Taa zenyewe nazijua. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa, siku hizi ni taa za ledi zinazokula betri ya volti 12. Nahodha alikuwa ameshaniletea tatu kwa meli nikazifungua, na zote tatu zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ledi nzima, transista nzima, kapasita nzima. Koili ndiyo iliyokufa. Ilikuwa imesukwa wazi juu ya kigogo cha feraiti, kile kitu cheusi kigumu kama kigae kinachopitisha sumaku, bila kifuniko chochote. Hewa ya chumvi ikaingia, vanishi ya waya ikatoboka, shaba ikaota ukijani, na waya ukakatika pale unapounganishwa na mguu. Taa nzima inatupwa kwa ajili ya waya usiofika mita moja. Jambo hili limenikera miaka mingi, na ndilo lililonipandisha meli.

Nieleze koili inafanya nini, maana wengi huiona ni waya uliozungushwa basi. Ledi tatu nyeupe zilizofuatana zinataka kama volti 9 au 10, na zinataka mkondo usiotikisika, wakati betri inapanda na kushuka. Transista hufungulia umeme na kuufunga mara laki moja na zaidi kwa sekunde. Inapofungulia, koili hujaza nguvu katika uga wake wa sumaku. Inapofunga, koili huimwaga nguvu ile kwenye ledi ili mwanga usikatike. Ni mtungi wa nyumba: mchotaji anakuja na kuondoka, lakini maji ndani hayakosekani.

Uwezo wa mtungi huo hupimwa kwa henri, jina la Joseph Henry wa Marekani, aliyekuwa akiichunguza sumaku ya umeme wakati mmoja na Michael Faraday wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1830. Kwetu henri moja ni kubwa mno, tunahesabu kwa mikrohenri, yaani sehemu moja ya milioni. Koili za nahodha zimeandikwa 470. Kijana asiyejua husoma mia nne na sabini, akatafuta koili ya namba hiyo, na taa isiwake sawasawa. Tarakimu ya mwisho ni hesabu ya sifuri. Hapa ni 47 bila sifuri, mikrohenri 47.

Asubuhi nimezunguka Darajani na mpwa wangu, ambaye huu ni mwaka wake wa pili katika karakana yangu. Waya wa vanishi wa milimita 0.4 tumepimiwa na fundi wa kusuka mota. Epoksi, ile gundi ya chupa mbili zinazochanganywa ikawa ngumu, nusu kilo. Mizani ndogo nimeazimwa na sonara, kwa sharti nisiirudishe na gundi. Feraiti hatukununua: tunayo makopo mawili ya taa mbovu za kubana umeme, zile zilizojazana majumbani kabla ya ledi. Ndani ya kila moja mna vipande viwili vya feraiti vyenye umbo la herufi E, vinavyokutana mdomo kwa mdomo. Watu wanazitupa. Mimi naziokota.

Usiku tumepanda meli bandarini Malindi.

Mwezi 13, Mkoani na Chake Chake

Mkondo wa Nungwi ulikuwa mzito ingawa upepo umepungua. Tulipofika pale sauti zilishuka na watu wakaanza kusoma dua. Hakuna Mpemba apitaye maji yale bila kukumbuka Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander.

Mkoani tumeshuka alfajiri, tukapanda gari ya Chake. Njia nzima harufu ya karafuu, kila uwanja una jamvi na kila jamvi lina karafuu zinazobadilika kutoka kijani kwenda kahawia. Mpwa wangu, mtoto wa mjini, alikuwa hajawahi kuziona zikiwa mbichi.

Tumefikia kwa jamaa yangu, naye ni fundi. Yeye anakumbuka vizuri Pemba ya majenereta ya dizeli pale Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kufika kutoka Tanga mwaka 2010. Mwaka huohuo sisi Unguja tulikuwa tunatoka katika kiza chetu: umeme ulikatika Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi. Miezi ile mitatu ndiyo iliyonifanya fundi wa inveta. Kila duka lilitaka betri na kila inveta iliyoungua ilipita mezani kwangu, na ndani yake nikaanza kuona koili za namna mpya: kijiwe cheusi cha mraba, hakina waya unaoonekana, kimefungika pande zote. Nilikipasua kimoja kwa nyundo kujua kuna nini. Ndani palikuwa na shaba iliyozungukwa na kitu kama udongo mgumu wa kijivu.

Mwezi 14, Chake Chake

Leo nimefanya jaribio nililolitamani siku nyingi, na limeshindikana. Naliandika kwa urefu kwa sababu kushindikana kwake kunaeleza kazi ya kiwanda kuliko maneno yangu ya kawaida.

Kile kijiwe cheusi hutengenezwa hivi. Waya wenye vanishi, mara nyingi bapa, husukwa peke yake bila kigogo. Ncha zake huunganishwa na ukanda wa bati utakaokuwa miguu. Halafu huwekwa ndani ya kalibu ya chuma na kuzikwa katika unga wa chuma. Unga huo ni laini mno, chembe zake zinahesabiwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na kila chembe imevikwa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme, kisha ukachanganywa na epoksi kavu kidogo. Mashine huushindilia kwa nguvu ya tani kadhaa kwa kila sentimita moja ya mraba. Kinachotoka ni kijiwe kimoja, shaba na chuma mwili mmoja. Huokwa kwenye tanuri zaidi ya nyuzi 150 ili epoksi ishike, miguu ikakunjwa chini, ikapakwa bati, na kila kimoja kikapimwa. Kipimo kimoja ni cha kuipiga koili kwa pigo fupi la umeme na kutazama mtetemo wake, kwa sababu ule mshindilio wa tani unaweza kuipasua vanishi, mizunguko miwili ikagusana, na jicho lisijue.

Faida yake ni kubwa. Haivumi, kwa kuwa hakuna kipande kinachoweza kucheza. Sumaku yake haitoroki nje ikasumbua redio ya jirani. Na mkondo ukizidi, uwezo wake hupungua polepole, wakati feraiti ikishiba, yaani isipoweza kubeba sumaku zaidi, uwezo huanguka kwa ghafla na transista inaungua. Kwa tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku, feraiti hushiba kwenye 0.3 hadi 0.5, chuma huvumilia zaidi ya 1.

Basi mimi nikasema: unga wa chuma si upo? Kwa fundi wa mageti hapa Chake sakafu imejaa unga wa grinda. Tumeusomba kwa sumaku iliyofungwa mfuko ili unga uachie kirahisi, tukaupepeta kwa kitambaa, tukauchanganya na epoksi, tukasuka mizunguko 20, tukauzika na kuushindilia ndani ya kipande cha bomba kwa jeki ya gari. Mchana mzima tumeungoja ukauke juani.

Mita imesoma mikrohenri 11. Tuliitaka 47. Tulipoifunga kwenye bodi ya taa ilipata moto kwa dakika nne hata haishikiki.

Mpwa wangu aliumia kuliko mimi, kwa sababu mikono iliyoupepeta unga ilikuwa yake. Nikamkalisha tukaifikiria pamoja. Jeki yetu haikaribii nguvu inayotakiwa, kwa hiyo kati ya chembe na chembe kumejaa epoksi na hewa, na sumaku haipiti vizuri hapo. Ndiyo maana 11. Na moto umetoka wapi? Chembe za grinda ni kubwa, na hazina ngozi. Sumaku inayobadilika mara laki kwa sekunde huzaa ndani ya kila chembe mikondo midogo inayojizungusha yenyewe, na mikondo hiyo haifanyi kazi nyingine ila kutoa joto. Chembe ikiwa ndogo, mkondo hauna nafasi ya kuzunguka. Siri ya kijiwe cheusi iko kwenye unga kabla haijawa kwenye mashine.

Kwa hiyo tunarudi kwenye feraiti na epoksi: chuma hatuwezi kukishindilia, lakini koili tunaweza kuisubu, yaani kuimiminia epoksi ndani ya kalibu. Viwanda vyenyewe vilianza na vinaendelea na njia hiyo pia. Zile koili ndogo zenye mistari ya rangi, ambazo mafundi wengi huzidhania rezista, ni koili iliyosubiwa ndani ya epoksi, na rangi zake husomwa kwa mikrohenri.

Mwezi 15, Wete

Ijumaa. Tumesali Wete, tumenunua bomba za sindano tano kwenye duka la dawa na mipira miwili chakavu ya ndani ya baiskeli. Jioni tumefika Tumbe kupitia Konde. Mwezi umetoka mzima juu ya bahari, na mashua zote ziko pwani.

Mwezi 16, Tumbe

Bamvua. Saa nne asubuhi maji yamekimbia mbali mno, mashua zimelala ubavu kwenye tope, na nahodha ametupokea kwenye kibanda chake cha nyavu, ambako amevuta waya wa umeme kutoka nyumbani.

Kwanza hesabu. Kila kipande cha feraiti kimepimwa kwa rula: mguu wa kati una kama milimita 20 za mraba. Kwa ampea mbili na nusu za kilele, mizunguko 20 inatosha bila feraiti kushiba, mradi vipande viwili visigusane. Panatakiwa pengo la milimita 0.2 kwa jumla. Feraiti ndiyo njia, lakini nguvu yenyewe hukaa ndani ya pengo. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapia ina unene wa milimita 0.1 hivi, na ukiiweka kati ya midomo ya vipande, sumaku inaivuka mara mbili, ikienda na ikirudi. Ndiyo 0.2. Mpwa wangu alipoona mita inasoma 47 kamili kwa karatasi iliyokatwa kwenye daftari lake, alinyamaza kidogo, kisha akaomba apime tena.

Mizunguko haitaki kukosewa. Uwezo unakwenda kwa mraba wa hesabu yake, kwa hivyo 20 ikiwa 19, 47 inashuka mpaka 42, na ikiwa 10 unabaki na 12 tu. Waya nao hatukuusuka mmoja mnene. Kwa kasi hii umeme hupita juujuu ya shaba, kiasi cha milimita 0.2 kutoka kwenye ngozi, na kiini cha waya mnene kinabaki bure. Tumesokota nyuzi tatu pamoja, kama kamba ya usumba.

Mchana tumezisubu nne za mwanzo, na zote nne zimeharibika. Kosa la kwanza ni langu: nimechanganya gramu 200 za epoksi kwenye kikombe kimoja. Epoksi ikishika hutoa joto, na ikiwa rundo joto halina pa kutokea, linajichochea lenyewe. Kikombe kimeanza kutoa moshi mkononi, na kwa dakika chache kimekuwa jiwe lenye nyufa. Kiasi kilichowahi kumiminwa kimeshika, lakini tulipopima, 47 zimekuwa 38, 40, 37, na ya nne haikusoma kitu cha maana, kwani feraiti imepasuka ndani.

Usiku nimezikata mbili kwa msumeno wa chuma. Epoksi imejipenyeza kati ya midomo, ikavimba kwa joto, ikavisukuma vipande na pengo likapanuka. Kisha ilipopoa ikanywea, ikaibana feraiti kwa nguvu. Feraiti ni kama kigae cha chungu, inavumilia kukandamizwa kidogo lakini haivumilii kupindwa.

Nahodha alikuja akaviona vipande juu ya meza. Hakusema neno la kulaumu. Aliuliza tu, "Zimebaki siku ngapi, fundi?" Nikamwambia nne. Akasema, "Basi kula kwanza."

Mwezi 17, Tumbe

Siku nzima ni ya kuzivika koili nguo. Vipande vimefungwa kwa uzi wa nyavu, mizunguko sita iliyokazwa, halafu tone la gundi ya haraka kwenye kingo za nje ili mdomo usifunguke. Mita: 47, 47, 46, 48. Juu yake ukanda wa mpira wa baiskeli, usikazwe sana, ili epoksi itakaponywea iubane mpira, na mpira uumeze ule mbano.

Jirani mmoja alileta silikoni ya madirisha, akasema itafaa kuliko mpira. Nilifungua nikainusa, ikanuka siki. Aina hiyo hutoa asidi inapokauka na asidi inakula shaba. Ipo nyingine isiyonuka, hiyo ningeipokea. Nilimshukuru na kumweleza, na mpwa wangu akaandika.

Mwezi 18, Tumbe

Hii ndiyo siku nitakayoikumbuka.

Mama mzazi wa nahodha hukaa barazani akisuka ukili tangu baada ya sala ya alfajiri. Koili tatu zilikuwa zimebaki kusukwa, na mimi nilikuwa nikizisuka karibu yake nipate kivuli. Nilimwamkia, akaitika, akaniangalia kwa muda mrefu, mwisho akasema, "Mwanangu, hapo umeruka."

Nilitazama. Kweli, mzunguko wa tisa ulikuwa umepanda juu ya wa nane. Kwa macho ya fundi wa mjini ni jambo dogo, lakini mzunguko uliopanda unasugua vanishi ya mwenzake, na ndipo panapoungulia. Nikafumua. Akaninyooshea mkono, "Hebu."

Nilimpa. Alishika kigogo kwa vidole vitatu, na kwa ukucha wa gumba akausukuma kila mzunguko ukakaa ubavuni mwa mwenziwe kabla hajauzungusha mwingine, bila kuvuta kwa nguvu. Hakuhesabu kwa sauti. Nilipozihesabu mimi zilikuwa 20 juu ya alama, zimelala safu mbili zilizonyooka na nafasi imebaki. Zangu zilikuwa zinajaza mpaka ukingo. Nilimuuliza amejuaje kusimama kwenye 20. Alisema mistari ya mkeka inahesabiwa na kidole, si mdomo. Zilizobaki mbili amezisuka yeye. Kule Kibokwa, Unguja, kinamama wa vijijini wanafundishwa kuunda taa za sola, na aliyewahi kuwaona kazini anajua kwamba mikono hii ipo visiwani kote. Inachokosa ni kuletewa waya.

Mchana binti yake alikuwa akipika mikate ya mofa, na hapo nilipata dawa ya tatizo lililonisumbua tangu Mkoani: unyevu. Hewa ya pwani wakati huu imejaa maji, na koili iliyokaa wazi usiku mmoja imeshayanywa kati ya nyuzi. Ukiisubu hivyo unayafungia ndani maji pamoja na chumvi yake. Viwandani koili hukaushwa tanurini kwanza. Tanuri la udongo la mofa baada ya mikate kutoka linabaki na joto kavu linaloshuka taratibu. Tulitumbukiza waya wa kipimajoto cha mita tukangoja. Lilipofika nyuzi 105 tukaingiza koili kumi na moja ndani ya bati lililotobolewa matundu, tukafunika. Saa mbili baadaye lilikuwa 80. Vanishi ya waya huu inavumilia zaidi ya 130, kwa hiyo hatukuwa na hofu nayo. Koili zilitoka na harufu ya mawele.

Tulizimimina hapohapo zikiwa vuguvugu, kwa sababu epoksi ikikutana na kitu cha vuguvugu hulainika na kupenya. Gramu 30 kwa kila mchanganyo, sehemu mbili kwa moja, juu ya mizani ya sonara. Glavu mikononi, na mlango wazi. Kalibu zetu ni vifuniko vipana vya makopo ya siagi ya karanga, kwani plastiki ile laini haishikamani na epoksi. Tukavuta epoksi kwa bomba la sindano na kuiingiza kutoka chini, uzi mwembamba, ili ipande na kuisukuma hewa mbele yake. Tabaka la kwanza mpaka nusu, subira ya saa moja na nusu, tabaka la pili. Mpwa wangu alikuwa akigonga kila kifuniko kwa penseli na kuviangalia viputo vikipanda. Aligonga mpaka usiku wa saa tano.

Mwezi 19, Tumbe

Epoksi inashika. Hakuna la kufanya ila kuiacha. Tumesafisha bodi tisa kwa spiriti na mswaki, tumelehemu miguu iliyooza.

Mwezi 20, Tumbe na baharini

Asubuhi tumezitoa. Vifuniko vimeachia kwa kubonyezwa tu. Zilikuwa na rangi ya asali, shaba inaonekana ndani safu kwa safu, na zile tatu za bibi unazijua bila kuambiwa. Mita: 46, 47, 46, 45, 46, 47, 46, 46, 47, 45. Moja imesoma 31, tumeiweka kando. Kumi nzima.

Kupima kavu hakutoshi. Tumeziwasha kwa mkondo kamili nusu saa, zikapata joto la kushikika, kisha tukazizamisha papo hapo kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kitu cha moto kikipoa ghafla hewa iliyo ndani yake hunywea, na penye mwanya wowote maji hufyonzwa. Tumerudia mara tatu. Halafu tukapima kati ya waya na maji ya ndoo, na mita haikuona njia kwa yoyote kati ya zile kumi.

Saa kumi na moja jioni tumetoka na mashua. Maji mafu, bahari imetulia. Mwezi wa 20 hutoka karibu saa nne na nusu, kwa hivyo tulikuwa na giza la saa tatu. Nahodha aliziwasha moja moja. Mabaharia hawakusema kitu mpaka ya kumi na mbili ilipowaka, na hapo mmoja wao akasema, "Alhamdulillahi." Chini ya taa maji yaligeuka kijani angavu, na baada ya muda yakaanza kumetameta. Sikuwahi kuwaona dagaa wakija. Wanakuja kama mchanga unaomwagwa.

Saa tatu na dakika kumi taa moja upande wa tezi imefifia, ikapepesa, ikazimika. Ilikuwa mojawapo ya zetu. Nahodha alinigusa bega akasema zilizobaki zinatosha, tuvute. Tukavuta.

Mwezi 21, Tumbe

Taa iliyozimika nimeifungua alfajiri pwani. Epoksi haina ufa, haina kiputo. Nimeikata kwa msumeno taratibu, milimita kwa milimita, mpwa wangu akishika tochi. Maji yalikuwa ndani. Yamepita kwenye waya wa kutokea: tulitumia waya wa nyuzinyuzi wenye ngozi ya plastiki, na epoksi imeshika plastiki kwa nje tu. Kati ya nyuzi na ngozi yake mna uwazi kama wa utambi, na mawimbi yaliyokuwa yakipiga juu ya bodi yalisafiri humo mpaka kwenye shaba. Ndoo haikutuonyesha kwa sababu ncha za waya tulizining'iniza nje ya maji.

Nimeifunga ile ya akiba. Nyingine nane zina njia hiyohiyo, na nahodha nimemwambia wazi. Nimezipaka gundi kwenye ncha kwa sasa. Safari ijayo waya wa kutokea utavuliwa ngozi milimita tano, utajazwa risasi ya kulehemu mpaka nyuzi ziwe kitu kimoja, na pale palipojazwa risasi ndipo patakapozikwa ndani ya epoksi.

Nahodha anataka ishirini nyingine kwa mashua za wenzake kabla ya giza la mwezi ujao. Bibi ameomba kibunda cha waya kibaki kwake, pamoja na feraiti na karatasi yenye alama. Nimemwachia gramu 400, na bei ya kila koili tumekubaliana barazani. Mpwa wangu anaosha vifuniko.